Gari Linajizuia

Barua ilitoka kwa hoteli moja ya Diani, mnunuzi wetu mkubwa kuliko wote, nayo ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, gari lolote la kuleta bidhaa litakaloonekana likitoa moshi mweusi halitapita lango lao la nyuma. La pili, kila anayewauzia aanze kuonyesha, mwezi baada ya mwezi, anatumia mafuta kiasi gani kuwafikishia mzigo na anafanya nini ili kuyapunguza. Tulipewa miezi sita.

Tajiri wangu aliisoma akiwa amesimama, miwani ameipandisha juu ya kilemba, kisha akaisukuma upande wangu wa meza.

"Hii kitu utashika wewe," akasema.

"Mimi sijui magari, Madam."

"Hujui magari lakini unajua kuandika. Madereva wote hapa wanajua magari na bado dizeli inaisha kama maji. So shika."

Tajiri alikuwa mwanamke wa bara. Wazazi wake walipata shamba la skimu ya serikali huku kwetu pwani yeye akiwa bado mdogo, akakulia kwenye mihogo na machungwa, na Kiswahili chake kilibaki cha kwao. Alianza kwa kuuza mboga Ukunda. Wakati wa barua hiyo alikuwa na Kanta sita, malori madogo ya mizigo, zilizokuwa zikikusanya matunda na mboga Kikoneni, samaki Msambweni, kaa wa kisiwa cha Funzi pale wanaposhushwa na mashua, na kuvipeleka vyote kwenye majiko ya hoteli. Uwanja wa magari ulikuwa nyuma ya Kona ya Musa, pale Ukunda, na ofisi yangu ilikuwa kontena lililotobolewa madirisha mawili. Kwa miaka minne nilikuwa nimeandika hati za mizigo ndani ya kontena hilo. Usukani sikuwahi kuushika.

Nilianza kwa fundi, kwa sababu ndiye pekee ambaye sikuona haya kumuuliza maswali ya kijinga. Gereji yake ilipakana na uwanja wetu. Aliniambia nijaze tanki mpaka shingoni, niandike kilomita, gari liende kazini, kisha nijaze tena mpaka pale pale, kwenye pampu ile ile, gari likiwa limesimama mahali pale pale. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika. Ilikuwa rahisi hivyo. Tatizo ni kwamba katika Kanta zetu sita, tatu zilikuwa na mita za kilomita zilizokufa. Moja ilikuwa imesimama kwenye nambari ile ile tangu nilipoajiriwa. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza za kupunguza mafuta zilipita tukitafuta nyaya za mita.

Fundi alinifundisha pia habari ya kitambaa. Unafunga kitambaa cheupe kwenye kijiti, unakiweka nyuma ya bomba la moshi, dereva anakanyaga mafuta mara tatu. Kanta ya bluu, iliyokuwa ikipanda Kikoneni kila siku, ilikitia kitambaa weusi wa chungu. Fundi akafungua chujio la hewa na kuligonga chini. Vumbi jekundu likamwagika miguuni mwetu, jingi kiasi cha kujaza kibaba.

"Hili gari limekuwa likipumua kupitia blanketi," akasema.

Akabadilisha chujio, akasafisha nozeli, na kitambaa cha pili kikatoka kijivu. Vitambaa vyote viwili nilivitundika ukutani mwa kontena, nikaandika tarehe chini yake. Madereva walipita wakavitazama, wakaenda zao. Tangu nilipoanza kuzunguka na daftari, mazungumzo yalikuwa yakikatika kila ninapotokea. Waliona nimetumwa kuwachunguza, na kwa kweli nilikuwa nimetumwa kuwachunguza.

Jambo la tatu lilikuwa injini zinazonguruma bure. Kwenye malango ya hoteli gari linaweza kusubiri karibu saa nzima kabla ya mzigo kupokewa, na madereva wetu walikuwa wakiacha injini ikiunguruma muda wote huo. Nilidhani ni uzembe. Nikaandika onyo, nikalibandika mlangoni, na hakuna kilichobadilika. Siku moja nikamwendea mimi mwenyewe dereva mmoja kwenye lango, nikamwambia azime. Akazima. Mzigo ulipokwisha kushushwa, gari likakataa kuwaka, na wapishi wawili pamoja na askari wa lango wakalisukuma mpaka barabarani. Betri ilikuwa imechoka. Nne katika zile sita zilikuwa zimechoka, na kila dereva alijua, na kila mmoja alikuwa akificha aibu ya kusukumwa. Tajiri alinunua betri nne mpya huku akilalamika, nami nikalibandua onyo langu. Kuanzia wiki hiyo injini zilizimwa malangoni bila mtu kuambiwa.

Kisha nikapunguza safari. Mpaka wakati huo mpishi yeyote aliweza kupiga simu akaletewa chochote saa yoyote. Nilikwisha kuona Kanta nzima ikitoka uwanjani na kreti mbili za malimau. Nikaweka misafara miwili kwa siku, wa alfajiri na wa saa nane mchana, na kila gari likapewa mstari wake ili lisirudi tupu. Aliyepeleka samaki Diani alirudi na kreti tupu za mstari mzima. Wapishi walinitukana kwa adabu.

"Dada, sina kitunguu hapa," mmoja aliniambia kwenye simu.

"Kitunguu kitafika saa nane, chef."

"Wageni wanakula saa saba."

"Basi jana ulipoagiza nyanya, kitunguu kilikuwa wapi?"

Akakata simu. Siku ya pili yake aliagiza vya siku mbili.

Nayaeleza haya yote kwanza ili ieleweke kwamba mambo yalikuwa yakienda vizuri, na kwamba nilikuwa nimeanza kujiona najua. Nilikuwa na jedwali kubwa ukutani, safu ya kila gari. Safu tano zilikuwa zikishuka taratibu. Ya sita ilikuwa ikipanda.

Ya sita ilikuwa Kanta nyeupe. Dereva wake alikuwa mzee wa Kikoneni, Mdigo mwenzangu, aliyewaendeshea watu magari kabla tajiri hajawa na gari hata moja. Mimi nilimwita mjomba. Hatukuwa na udugu wa damu, lakini mama yangu naye ni mtu wa upande huo, na siku yangu ya kwanza kazini aliniuliza ukoo, nikautaja, akasema, "Basi mimi mjomba wako," na ikawa hivyo. Alivaa kofia safi kila siku na hakuwahi kupandisha sauti. Alikuwa ndiye dereva mpole kuliko wote, na gari lake lilikuwa likinywa kuliko yote, kwenye njia ile ile ya Kanta ya bluu na mzigo ule ule.

Asubuhi moja alikuja dirishani kuchukua hati, akasema, "Mwanangu, gari langu limekuwa zito. Nikiinua mguu kwenye mteremko, haliteremki. Linajizuia."

Nilikuwa na simu sikioni. Nikaitikia kwa kichwa, na kwenye daftari, mbele ya Kanta nyeupe, nikaandika: *mzigo mzito*. Siku iliyofuata nikampunguzia kreti kumi, nikahisi nimemfanyia wema.

Jedwali halikubadilika. Mwisho wa mwezi wa tatu tajiri alisimama mbele yake kwa muda mrefu, akafuata safu kwa kidole. Kisha akaniuliza, "Hii white inaenda wapi na mafuta?"

Nikasema sijui.

"Unajua. Hutaki tu kusema kwa sababu ni mtu wenu."

Biashara ya dizeli ya kunyonywa kwenye matanki ilikuwepo, kila mtu aliijua, na vibanda vilivyouza mafuta kwenye vidumu vya manjano kando ya barabara havikuyachimba ardhini. Lazima niseme ukweli: mimi pia nilikuwa nimeanza kuamini. Nilikuwa nimetazama tarakimu kwa muda mrefu kuliko nilivyomtazama mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata tajiri aliwakusanya madereva uwanjani kabla ya funguo kutolewa.

"Kuna gari hapa inakunywa kuliko zote," akasema. "Na dereva wake ni mmoja, hakuna mwingine anaigusa. Kila gari itawekwa kufuli kwa tanki. Mnielewe."

Hakuna aliyemtazama mjomba, na kwa kutomtazama wote walikuwa wamemtaja. Yeye akasogea hatua moja mbele.

"Unasema ninaiba, mama?"

"Mimi sijasema kitu. Makaratasi ndiyo inasema."

Mjomba akanigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kontena na kibao cha makaratasi kifuani. Akatembea mpaka nilipo, akatoa ufunguo wa Kanta nyeupe mfukoni, akaniwekea juu ya kibao.

"Makaratasi ni yako, mwanangu," akasema. "Chukua na ufunguo."

Kisha akawaaga watu na akatoka kwenda zake. Wakati fundi akifunga makufuli mchana huo, madereva watano walikaa kivulini wakimtazama kama watu wanaotazama nyumba yao ikipekuliwa.

Aliajiriwa dereva mwingine, mtu wa makamo kutoka Ukunda, mwenye barua nzuri za kazi. Ufunguo wa tanki ulikuwa kwangu. Hakuna tone ambalo lingeweza kutoka bila mimi kujua. Nilijaza, nikaandika, nikajaza tena. Baada ya wiki tatu Kanta nyeupe ilikuwa pale pale ilipokuwa, na ikazidi kidogo.

Nilikaa na tarakimu hizo siku mbili bila kumwonyesha mtu. Sina maelezo mazuri ya siku hizo mbili. Nilifanya kazi, nikala, nikarudi nyumbani. Siku ya tatu nikamwambia dereva mpya nitakwenda naye Kikoneni.

Kwenda hakukuwa na jambo. Tulipakia machungwa na ndizi, tukaanza kurudi. Kwenye mteremko mrefu kabla ya kufika barabara kuu nilimtazama mguu. Aliuinua kwenye mafuta, hakugusa breki, na gari badala ya kuchukua mwendo likaanza kupunguza, polepole, kama mtu anayeburuta kiatu. Akakanyaga tena mafuta, kwenye mteremko.

"Daima huwa hivi?" nikamuuliza.

"Tangu nilipolishika. Nilidhani ndivyo lilivyo."

"Hukuona vyema kuniambia?"

Akanitazama upande. "Dada, aliyekuwepo kabla yangu alitoka vibaya. Mimi ni mgeni. Nianze kwa kulaumu gari?"

Nikamwambia asimame. Nilikuwa na chupa ya maji ya kunywa. Nikashuka, nikazunguka gari, nikamwaga maji kidogo kwenye kila gurudumu. Kwenye matatu yalitiririka tu. Kwenye la nyuma kushoto yalichemka papo hapo, yakatoa mvuke, na harufu ya kuungua ikanipanda puani. Dereva akasema, "Subhanallah," akavua kofia.

Nilisimama pale na chupa mkononi. Neno la mjomba lilinijia lilivyo, kwa sauti yake: *linajizuia*. Lilikuwa neno sahihi kabisa. Hakukuwa na njia ya kulisema wazi zaidi.

Fundi alifungua gurudumu jioni ile ile. Pistoni ndogo inayosukuma breki ilikuwa imeshika kutu, ikitoka hairudi, na breki ilikuwa ikilibana gurudumu wakati wote, si sana kiasi cha kusimamisha gari, ila kiasi cha kulifanya liburutwe na injini yake. Kanta hiyo ilikuwa imebeba samaki wa Msambweni miaka mingi kabla ya kuhamishiwa matunda, na maji ya barafu yenye chumvi yalikuwa yakishukia kona hiyo hiyo.

"Dereva hujua haya kwa makalio yake kabla fundi hajajua," akasema akipangusa mikono. "Mzee hakukwambia?"

"Aliniambia," nikasema.

Fundi akaendelea kupangusa mikono ingawa ilikwisha kuwa safi.

Tajiri nilimwambia kesho yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kipuri kitapatikana lini, akatoka kwenda kuongea na simu. Nami nikachukua bodaboda mpaka Kikoneni.

Nilimkuta mjomba juu ya ngazi, akiezeka upya paa la jiko. Mkewe alikuwa chini akimpa makuti. Aliponiona aliweka kuti chini na kukaa kwenye kigoda, mgongo umenielekea nusu.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo mkaza mjomba."

"Marahaba," mjomba akaitikia, akashuka. Mkewe aliitikia baadaye, kwa sauti ndogo, kwa kuwa salamu haiachwi irudi mikono mitupu nyumbani kwa mtu mstaarabu.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani na yote yalinipotea. Nikamweleza kuhusu maji na gurudumu. Nikamweleza kwamba aliniambia na mimi nikaandika jambo jingine, na kwamba makaratasi yaliyosomwa uwanjani yalikuwa ya mkono wangu. Nikasema nimekuja kumwomba radhi.

Mkewe ndiye aliyejibu. "Mwezi mzima hajaenda msikitini mchana. Anasali hapa. Unajua kwa nini? Kwa sababu watu wa hapa wanawajua watu wa Ukunda, na maneno hayahitaji gari."

"Basi," mjomba akamwambia.

"Si basi. Na asikie."

Nilisikia. Mwishowe mjomba akaagiza chai, na mkewe, ambaye alikuwa ameinuka kwa hasira, aliileta na mihogo ya kuchemsha, akaniwekea mbele yangu kipande kikubwa zaidi. Sijui kama ulikuwa msamaha au desturi tu.

"Wewe nimekusamehe," mjomba alisema nilipokuwa nikinywa. "Ulikuja kwa miguu yako. Lakini nilichafuliwa mbele za watu, mwanangu. Radhi ya jikoni haifiki uwanjani."

"Nitamwambia Madam."

"Na la pili. Akinitaka kazini, wewe ujifunze gari. Nilikueleza jambo ukaliandika kinyume. Si kwa ubaya, ni kwa kutojua. Anayepima mafuta ajue mafuta yanakwenda wapi."

Nilipomfikishia tajiri, alikasirika kwanza. Alisema yeye hakumtukana mtu. Aliuliza, hata mjomba angekuwa ndiye mwenye magari, angefanya nini na zile tarakimu? Nilimwambia kwamba simlaumu, kwamba tarakimu zilikuwa zangu, lakini maneno ya uwanjani yalikuwa yake. Akanitazama kwa muda kama mtu anayefikiria kunifukuza. Kisha akauliza, "Atakuja siku gani?"

Alikuja Jumatatu, kofia safi, shati limepigwa pasi. Madereva walikuwepo wote, na fundi alikuwa amesimama kwenye lango la gereji yake akijifanya anatafuta spana. Tajiri alitoka kontenani bila miwani.

"Mzee," akasema, "ile siku sikusema neno mwizi. Lakini nyote mlielewa nilimaanisha nini, na mzee akaelewa. Haikuwa kweli. Gari ilikuwa na breki mbaya, na mzee alisema, hatukumsikia. Nimekosea. Ni hiyo tu."

Kilikuwa Kiswahili chake kile kile, kilichonyooka kama rula. Mjomba aliinamisha kichwa.

"Nimesikia, mama. Mwenyezi Mungu atusamehe sote." Akaelekeza kidole kwenye tanki la Kanta nyeupe. "Na kufuli?"

Tajiri akatazama matanki sita. "Kufuli itabaki," akasema. "Lakini ufunguo utakaa na dereva."

Dereva mmoja akacheka, kicheko kifupi cha kupumua, na wengine wakafuata. Hata mjomba alitabasamu. Dereva mpya alihamishiwa gari jingine, na mjomba akapewa ufunguo wa Kanta nyeupe iliyokwisha kutengenezwa. Nilimpa mimi, kwa mikono miwili.

Kuanzia siku hiyo, kabla ya magari kutoka, kila dereva alisimama dirishani pangu akasema gari lake limeamkaje. Niliandika maneno yao yalivyo, hata yale nisiyoyaelewa, na fundi akayasoma baadaye. *Linatetema kwenye gia ya tatu. Linavuta kulia. Linakohoa likiwa baridi.* Katika wiki ya kwanza tulipata tairi mbili zilizokuwa zikipoteza upepo, klachi inayoteleza, na bomba la dizeli lililokuwa likivuja tone kwa tone juu ya injini. Haya yalikuwa yakijulikana. Ni kwamba tu hakuna aliyeuliza.

Si kila kitu kilifanikiwa. Tajiri alisikia habari za tuktuk za umeme, akaleta moja ya majaribio kwa mizigo midogo ya barabara ya hoteli. Huko ilifanya kazi nzuri, haina sauti wala moshi, na wapishi walifurahi. Akapata tamaa, akaituma kuchukua kaa wa Funzi. Ilikwama kwenye mchanga kilomita moja kabla ya kufika, ikaishiwa nguvu ikijaribu kujitoa, na ikavutwa kurudi nyumbani na Kanta ya bluu. Siku hiyo tulitumia dizeli zaidi kuliko siku yoyote ya mwezi ule, nami niliandika hivyo hivyo kwenye jedwali. Tuktuk ilirudishwa Diani na haikuondoka tena kwenye lami.

Miezi sita ilipotimia, hoteli ilimtuma afisa wao wa mazingira, mwanamke mchanga mwenye viatu vya kutembelea mchangani. Alitaka kuona makaratasi, nikampa. Alitaka kuona magari, nikamwonyesha. Alikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwenye daftari la maneno ya madereva, akifunua kurasa.

"Hizi ni ripoti za kiufundi?" akauliza.

"Ni maneno yao."

Akapiga picha ukurasa mmoja na simu. Wiki mbili baadaye barua fupi ikaja, mkataba ukaendelea. Tajiri aliisoma akiwa amesimama, akaiweka kwenye faili, akaniuliza kama vitunguu vya saa nane vimetoka.

Mjomba alinifundisha kwenye barabara ya Kikoneni, siku za Ijumaa baada ya sala, gari likiwa na mzigo nusu. Wakufunzi wa shule ya udereva walinifundisha sheria. Yeye alinifundisha mengine. Alitaka nitazame mbali, niuone mlima kabla haujaanza na ng'ombe kabla hawajaamua kuvuka, ili mguu uinuke mapema na breki isihitajike. Hakunikaripia. Alisikiliza kreti nyuma.

"Zimegongana," alikuwa akisema.

"Nimeona shimo, mjomba."

"Umeliona umelifikia. Lione kabla."

Mtihani wa leseni nilianguka mara ya kwanza kwa kurudi nyuma vibaya, nikapita mara ya pili. Niliporudi uwanjani na karatasi yangu, madereva waliniuliza kama sasa nitataka nyongeza ya mshahara na ufunguo wa tanki.

Mzigo wangu wa kwanza kamili ulikuwa machungwa na mihogo, kutoka Kikoneni mpaka Diani, mjomba akiwa kiti cha abiria. Nilikuwa na jasho mgongoni hata kabla ya kuwasha. Tuliteremka ule mteremko mrefu, nikauinua mguu, na gari likateremka lenyewe, jepesi, uzito wote nyuma ukilisukuma taratibu. Nilimtazama ili nione kama atasema kitu. Alikuwa ametazama dirishani, akihesabu sijui nini.

Baada ya Msambweni nikasikia pumzi yake imebadilika. Alikuwa amelala. Kofia ilikuwa imeshuka mpaka kwenye nyusi, mikono imekunjwa tumboni, na kichwa kilikuwa kikigusa kioo na kuondoka, kikigusa na kuondoka. Mtu aliyeendesha miaka yote hiyo hawezi kulala kwenye gari la mwingine, nilikuwa nimesikia akisema hivyo mwenyewe kwa madereva wenzake. Niliendesha kwa mwendo ule ule mpaka Ukunda, nikijaribu kutobadilisha gia bila sababu.

Aliamka kelele za Kona ya Musa zilipoingia dirishani. Akaweka kofia sawa, akatazama kulia na kushoto.

"Tumekwisha kufika hapa?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi niteremshe. Mkaza mjomba wako aliniagiza sukari, na kule hotelini si lazima tuwe wawili."

Nikasimamisha kando. Akateremka, akaufunga mlango kwa mikono miwili, akagonga bati mara mbili kwamba niende.